Kuacha, Kuachwa na Kuvunjika: Maneno ya Talaka na Malezi katika Sheria ya Ndoa

Uhakiki wa Kiswahili umejishughulisha sana na tenzi, riwaya na tamthilia, nao umeyaacha nje ya uwanja wake maandishi mengine yenye nguvu kubwa juu ya maisha ya watu, yaani sheria, hukumu na hati za mahakama. Desturi hiyo ina sababu zake. Sheria haikuandikwa ili ipendeze, na mwanachuoni wa fasihi hudhani kwamba kuisoma ni kazi ya wanasheria peke yao. Walakini maandishi yoyote yatumiayo maneno ili kuamuru jambo litendeke yastahili kuulizwa swali lile lile tuulizalo utenzi: je, neno hili linabeba maana iliyokusudiwa, au linabeba maana nyingine iliyokuwamo ndani yake tangu zamani?

Katika makala haya nataka kuuliza swali hilo juu ya maneno machache tutumiayo tunaposema habari za talaka, za kutengana, na za kukaa na watoto baada ya ndoa kuvunjika. Hoja yangu ni moja. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilibadili mtendaji wa mambo hayo, lakini lugha yetu ya kila siku haikubadilika pamoja nayo. Na kwa kuwa watu huishi kwa lugha zaidi kuliko kwa vifungu vya sheria, wako wanaopoteza haki walizopewa, si kwa sababu haki hizo hazikuandikwa, bali kwa sababu neno walilolisikia liliwaambia jambo jingine.

Yafaa kwanza tukumbuke sheria yenyewe ilivyotokea. Kabla ya 1971 ndoa katika Tanzania Bara zilifuata njia mbalimbali: za Kiislamu, za Kikristo, za Kihindu, za kiserikali na za kimila, na kila njia ilikuwa na kanuni zake za kuvunja ndoa na za kuamua watoto wakae wapi. Waraka wa Serikali Namba 1 wa mwaka 1969 ulipendekeza sheria moja itakayowahusu wote, na miaka miwili baadaye Bunge likapitisha Sheria ya Ndoa, Namba 5 ya 1971. Sheria hiyo haikufuta namna mbalimbali za kufunga ndoa. Mtu aliweza bado kufunga ndoa msikitini, kanisani, kwa mkuu wa wilaya au kwa mila ya kwao. Lililounganishwa ni mlango wa kutokea. Waweza kuingia katika ndoa kwa milango mingi, lakini ukitaka kutoka ungali hai, nawe uko Tanzania Bara, mlango ni mmoja tu, nao ni mahakama.

Sasa tutazame lugha. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa kwamba mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Kitenzi cha mume ni cha kutenda, na kitenzi cha mke ni cha kutendwa. Mambo yakiharibika sarufi hufuata njia ile ile: mume huacha, mke huachwa, mume hutaliki, mke hutalikiwa. Mwanamke aliyeondoka nyumbani kwa hiari yake, baada ya kupigwa miaka kumi, bado majirani husema juu yake kwamba "ameachwa". Hata akiwa yeye ndiye aliyetaka kutoka, husemwa kwamba "amedai talaka" na kwamba sasa angoja "kupewa". Katika lugha hiyo talaka ni kitu kilicho mkononi mwa mume. Mke aweza kukiomba, kukililia au kukinunua, lakini hawezi kukitenda.

Kifungu cha 99 cha Sheria ya Ndoa chasema jambo jingine kabisa. Chasema kwamba mtu yeyote aliye katika ndoa aweza kuiomba mahakama amri ya kutengana au ya talaka. Hakikumtaja mume, hakikumtaja mke. Kwa kifungu hicho wote wawili ni waombaji sawa, na mtoaji ni wa tatu, yaani mahakama. Twaweza kusema kwamba sheria ilimwondoa mume katika nafasi ya mtenda wa sentensi, ikamweka hakimu. Mabadiliko makubwa kama hayo yangehitaji vitenzi vipya, au walau matumizi mapya ya vitenzi vya zamani. Hayakupewa.

Matokeo yake huonekana wazi katika neno talaka lenyewe. Katika fiqhi ya Kiislamu, ambamo lugha yetu ililitoa, talaka ni tamko la mume, na elimu yake ni pana: iko talaka rejea, iko talaka tatu, iko khului ambayo mke hujitoa kwa kurudisha mali, iko faskhi ambayo kadhi huivunja ndoa kwa sababu maalumu, na baada yake iko eda. Maneno hayo yana mipaka yake, na wajuzi wake hawayachanganyi. Lakini neno talaka lilipoingizwa katika mahakama za kawaida kuwa jina la amri ya hakimu, lilibakiwa na harufu ya tamko. Kwa hiyo mwanamume aandika karatasi, atia sahihi mbele ya mashahidi wawili, ampelekea mkewe, na wote wawili wanaamini kwamba mambo yamekwisha. Kwa mujibu wa kifungu cha 12 ndoa hiyo ingali ipo mpaka mahakama iivunje. Sheria haikulidharau tamko la mume Mwislamu. Kifungu cha 107 kinasema kwamba ikiwa ndoa ilifungwa Kiislamu, na usuluhishi ulijaribiwa ukashindikana, na kisha mmoja wa wanandoa akatenda jambo ambalo kwa sheria ya Kiislamu lingeivunja ndoa hiyo, basi mahakama itaamua kwamba ndoa imevunjika na itatoa amri. Tamko ni ushahidi wenye nguvu. Lakini ushahidi si amri, na mke aliyepelekewa karatasi asiende mahakamani aweza kuishi miaka mingi asijue kwamba mgawanyo wa mali na amri juu ya watoto vyamngoja huko.

Kwa sababu hiyo naona yafaa tuwe na majina mawili: "tamko la talaka" kwa kitendo cha mume, na "amri ya talaka" kwa kitendo cha mahakama. Si maneno mageni, wala hayahitaji kamusi. Yanamzuia tu msikilizaji asidhani kwamba la kwanza limemaliza kazi ya la pili.

Neno usuluhishi nalo limezaa kosa la namna hiyo. Kifungu cha 101 kinakataza mtu asipeleke ombi la talaka mahakamani kabla shauri halijafika katika Baraza la Usuluhishi wa Ndoa na Baraza halijathibitisha kwa hati kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Iko misamaha michache, kama vile mwenzi aliyetoroka asijulikane alipo. Mabaraza hayo yako katika kata, na yako ya jumuiya za dini yaliyotambuliwa. Kazi yao ni kusuluhisha, na suluhu maana yake ni kupatana. Baraza halina mamlaka ya kuvunja ndoa, wala ya kugawa nyumba, wala ya kuamua mtoto akae na nani. Lakini mtu aliyetoka mbele ya wazee na karatasi yenye mhuri huiita "talaka ya Baraza", akaiweka sandukuni. Mwingine hufanya kinyume: hukimbilia mahakamani bila hati hiyo, na shauri lake likaendelea mpaka rufani, kisha likafutwa kwa kuwa halikupita mlango wa kwanza. Wote wawili wameponzwa na neno moja. Hati ya Baraza haithibitishi kwamba ndoa imekwisha. Yathibitisha kwamba suluhu imeshindikana. Ni ruhusa ya kuingia mahakamani, wala si zaidi.

Mpaka hapa nimeilaumu lugha. Haki yataka niseme pia kwamba Kiswahili kina umbo moja la kitenzi ambalo laitumikia sheria hii vizuri sana. Sheria ya 1971 haikujenga talaka juu ya kosa la mmoja, bali juu ya hali ya ndoa yenyewe: mahakama itatoa amri ikiridhika kwamba ndoa imevunjika kiasi kisichorekebishika. Angalia kitenzi "imevunjika". Hatukusema "imevunjwa", kwani hapo msikilizaji angeuliza, "Na nani?" Umbo la -ika laeleza hali ya kitu bila kumtaja mtenda. Chungu kimevunjika, nani alikivunja ni habari nyingine. Kifungu cha 107 kinaorodhesha mambo yawezayo kuwa ushahidi wa kuvunjika huko: ugoni, ukatili wa mwili au wa moyo juu ya mwenzi au watoto, kutelekezwa kwa makusudi muda usiopungua miaka 3, kutengana muda kama huo, kifungo cha maisha au kisichopungua miaka 5, maradhi ya akili yaliyothibitishwa na madaktari, na mengine. Hayo ni nyufa. Hakimu hutazama nyufa ili ajue kama chungu chaweza bado kushika maji. Kweli, sheria haikumsahau mwenye kosa, maana mtu aliyeleta ombi lililosimama juu ya ubaya wake mwenyewe tu atakataliwa, ila kwa sababu za pekee. Lakini swali kuu si "nani ana hatia?" bali "je, ndoa ingalipo?" Twatamani umbo hilo lienee, na mahali pa kusema "fulani ameachwa" watu wajifunze kusema "ndoa yao imevunjika". Hapo mwanamke hatabeba peke yake aibu ambayo sarufi imemtwika.

Kutengana ni neno la tatu. Hili lina kiambishi cha -ana, cha kutendeana, nalo linadokeza mapatano: wawili wametengana kama wawili wanavyopatana au wanavyoagana. Kumbe sheria inatambua namna mbili. Iko namna ya hiari, ambayo mume na mke wenyewe wanakubali kukaa mbali. Na iko amri ya mahakama, ambayo mmoja aweza kuiomba na mwingine akaipinga. Amri hiyo yamwondolea mtu wajibu wa kukaa pamoja na mwenzake, wala haiivunji ndoa. Aliyetenganishwa hawezi kuolewa wala kuingia katika ndoa ambayo asingeiweza kabla ya amri. Inamfaa mtu ambaye dini yake haimruhusu kuvunja ndoa, na pia ambaye hajatimiza miaka 2 tangu kufunga ndoa, kwa sababu kifungu cha 100 kinakataza ombi la talaka kabla ya miaka hiyo bila idhini ya mahakama, nacho hakikatazi ombi la kutengana. Kwa hiyo napendekeza tuseme "kutengana" kwa ile ya hiari, na "kutenganishwa" kwa ile ya amri. Kitenzi hiki cha pili kinaonyesha kwamba yuko aliyewatenganisha, na kwamba neno lake haliwezi kuondolewa kwa mazungumzo ya kibarazani.

Juu ya mali nitasema machache. Kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyopatikana kwa juhudi za wote wawili wakati wa ndoa, na kinaitaka itazame mchango wa kila mmoja wa fedha, wa mali au wa kazi. Sisi husema "mali waliyochuma pamoja". Lakini kuchuma, katika masikio ya wengi, ni kwenda nje na kurudi na kitu mkononi. Mtu aliyebaki nyumbani akipika, akifua na akiuguza hakuchuma. Ndivyo mahakama nyingine zilivyoamua mpaka mwaka 1983, wakati Mahakama ya Rufani ilipokata shauri kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango unaostahili kuhesabiwa. Hukumu hiyo husifiwa kwa haki yake. Mwanafunzi wa lugha na aisome pia kama hukumu juu ya maana ya neno moja: kazi.

Nimewaacha watoto mpaka mwisho kwa kuwa hapo ndipo maneno yanapoumiza zaidi. Sikiliza jinsi tusemavyo. Husemwa kwamba mama "amepewa watoto", au baba "amewachukua", au kwamba wawili hao "wamegawana watoto", mmoja kwa huyu na wawili kwa yule. Kupewa, kuchukua na kugawana ni vitenzi vya mali. Mtoto hapo ni kama kitanda au cherehani. Nyuma ya lugha hiyo ziko mila zilizokuwa na mantiki yake: katika makabila mengi ya ukoo wa baba, mahari iliyotolewa iliwatia watoto katika ukoo huo, na amri ya mwaka 1963 iliyokusanya na kutangaza sheria za kimila za makabila hayo ilizifuata.

Sheria ya 1971 iliuliza swali jingine. Kifungu cha 125 kinasema kwamba jambo la kwanza na kubwa ni ustawi wa mtoto. Matakwa ya wazazi yatafikiriwa, na matakwa ya mtoto mwenyewe kama amefikia umri wa kuwa na maoni yake, na mila za jumuiya yao. Lakini yote hayo yako chini ya ustawi. Hata pale watoto wawapo wengi, mahakama haikulazimika kuwaweka wote mahali pamoja, ila lazima imtazame kila mmoja kwa nafsi yake. Jambo hilo kwa nje lafanana na kugawana, walakini kwa ndani ni kinyume chake. Mgawanyaji huwatazama wanaopokea. Hakimu huyu ameamriwa amtazame anayepelekwa.

Liko kosa moja lililoenea ambalo lazima nilitaje. Watu wengi huamini kwamba mtoto akitimiza miaka 7 ni haki ya baba kumchukua. Kifungu chasema kwamba ni dhana ya sheria, iwezayo kupingwa kwa ushahidi, kwamba mtoto aliye chini ya miaka 7 hufaa akae na mama yake, na hata hapo mahakama itafikiri ubaya wa kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumhamisha. Juu ya mtoto aliyepita miaka 7 sheria haikumtaja baba hata kidogo. Dhana ya mama imekoma, wala dhana ya baba haikuzaliwa. Kinachobaki ni ustawi. Huenda kosa hili lilitokana na mambo mawili yaliyokutana. Katika madhehebu ya Shafi, yafuatwayo na wengi wa pwani yetu, hadhana ya mama huendelea mpaka mtoto afikie umri wa kupambanua, ambao hukadiriwa kuwa miaka 7. Lakini hata huko mtoto akifika umri huo huhiyarishwa kati ya wazazi wake, hachukuliwi tu. Na katika mila za ukoo wa baba mtoto alirudishwa kwa baba akishaacha kumhitaji mama. Watu walichukua hesabu kutoka huku na hitimisho kutoka kule, wakaita mchanganyiko huo sheria. Mama aliyeambiwa hivyo humtoa mtoto siku ya kutimiza miaka 7 bila kwenda mbele ya hakimu yeyote.

Neno malezi nalo lahitaji kupunguzwa mzigo. Mahakama ikiamua mtoto akae kwa mama, twasema "mama amepewa malezi". Lakini kulea, kwa Kiswahili, ni jambo pana: ni kulisha, kuvisha, kusomesha, kuonya na kufundisha adabu. Ndiyo maana wahenga walisema, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Ikiwa malezi yote amepewa mama, basi baba amebaki na nini? Wako akina baba waliolijibu swali hilo kwa namna iliyowapendeza: hawakupewa malezi, basi hawalei. Sheria haikusema hivyo. Kifungu cha 129 kilimwamuru baba awatunze watoto wake wakae kwake au kwa mtu mwingine yeyote, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iliweka wajibu wa wazazi juu ya wote wawili. Mahakama yaweza pia kuamuru kwamba mzazi asiyekaa na mtoto apate kumwona na kutembelewa naye. Amri ile iliamua jambo moja tu, yaani mtoto alale wapi na nani amwangalie kila siku. Basi tuiite "uangalizi". Fedha za chakula na shule tuziite "matunzo". Na neno malezi tuwaachie wazazi wote wawili, kwa kuwa hakuna mahakama iwezayo kumvua mzazi wajibu huo kwa sababu tu ya kuvunja ndoa. Watu wa pwani wanalo neno hadhana, ambalo asili yake ya Kiarabu ni kifua na mapaja ya kumpakatia mtoto. Ni neno zuri, nalo halikudai kuwa zaidi ya hilo.

Najua ziko pingamizi mbili. Ya kwanza ni kwamba maneno hayabadilishi tabia. Baba asiyetaka kutoa matunzo hatayatoa kwa kuwa tumebadili jina. Nakubali. Lakini baba huyo ni mmoja, na mama asiyejua kwamba aweza kudai ni mwingine, na huyu wa pili husaidiwa na neno lililo wazi. Pingamizi la pili ni la watu wa dini, waogopao kwamba tukiyapanga upya maneno kama talaka tutaingilia elimu isiyo yetu. Hofu hiyo ina heshima yake, na ndiyo sababu nimependekeza neno talaka libaki na maana yake ya fiqhi, na amri ya hakimu ipewe jina lililo kamili. Tena Sheria ya Ndoa haihusu Zanzibar, ambako ziko Mahakama za Kadhi zilizowekewa sheria mpya mwaka 2017. Huko istilahi za fiqhi ziko nyumbani kwao, na mwanachuoni wa Bara ana mengi ya kujifunza kutokana na usahihi wake.

Mahakama za Mwanzo, ambazo zina uwezo wa kusikiliza mashauri ya ndoa sawa na mahakama za juu, zimekuwa zikiendesha kazi kwa Kiswahili kwa miaka mingi. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama katika ngazi zote. Wapenzi wa lugha walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Walakini kazi sasa imetuangukia sisi. Zamani ilitosha kusema kwamba mwananchi haelewi hukumu kwa sababu imeandikwa kwa Kiingereza. Udhuru huo umekwisha. Ikiwa mwanamke atasomewa hukumu kwa lugha yake mwenyewe, kisha atoke nje akidhani kwamba ameachwa, kwamba mwanawe atachukuliwa akitimiza miaka 7, na kwamba baba wa mtoto hadaiwi kitu, hatutaweza kuwalaumu wageni. Mwanafunzi atafutaye jambo la kuandika na aende katika Mahakama ya Mwanzo iliyo karibu naye, aketi nyuma, asikilize vitenzi.